Mfuga Maji

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, mimi na mama, na cherehani pia, ingawa inakohoa ikishona vitambaa vizito.

Tangi limefika. Kinyozi amefunga duka na kuhamia kwa mwanawe, na kabla ya kuondoka akakumbuka kwamba alikuahidi. Lilipandishwa na vijana wawili waliolalamika ngazi nzima. Mama akauliza, "Hilo jeneza la kioo linakwenda wapi?" Likaenda mezani kwake, maana hapakuwa na mahali pengine. Sasa limekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, upande wa dirishani, na yeye anakatia sakafuni. Hajanigombeza. Ila anapoinuka hushika kiuno na kulitazama tangi kana kwamba lenyewe ndilo lililomkosea.

Ndani nilikuta kitana na nywele za watu nisiowajua. Nimelisugua kwa chumvi mpaka kidole kikiteleza kinalia.

Nakumbuka ulivyosema pale mlangoni, begi likiwa tayari begani: "Wewe tayarisha maji, samaki nitaleta mimi." Basi nataka kuyatayarisha. Tatizo ni maji yenyewe. Ya bomba letu unayajua: yana harufu ya dawa, na mvua ikinyesha yanakuja na rangi ya chai. Wewe ni fundi wa pampu zinazonywesha mji mzima, huwezi kushindwa na tangi moja. Niandikie hatua kwa hatua, nami nitafuata kama zilivyo.

Usinipigie simu kwa ajili ya hili. Kwenye simu tunaulizana habari, nzuri, nzuri, halafu inakatika. Barua naweza kuisoma tena.

Likizo ya Aprili si mbali.

Mwanao


19 Februari

Profesa wangu,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako nimeisomea chumba cha mitambo. Pampu zote zilikuwa zinanguruma, ikabidi nisome kwa sauti ya juu ili nijisikie. Msaidizi wangu akavua kofia, akidhani nasali.

Haya, shika kalamu. Tafuta ndoo ya plastiki, itobolewe tundu dogo chini. Mama yako akupe kipande cha kitambaa, kikunjwe, kitandikwe juu ya tundu. Juu ya kitambaa weka mkaa uliopondwa, juu ya mkaa mchanga laini, juu ya mchanga kokoto. Maji yanaingia kwa kokoto na kutokea kwa kitambaa. Kokoto na mchanga vitashika tope, mkaa utakula harufu. Kisha yaache kwenye beseni wazi yapumzike, ile dawa iliyobaki ijiondokee yenyewe hewani.

Hapo utadhani umemaliza. Bado. Nimempa dereva wa lori pampu ndogo na sponji, atapita hapo. Pampu itayavuta maji ya tangi yapite kwenye sponji, usiku na mchana, bila kuzimwa. Ndani ya sponji watakuja kukaa bakteria, wadudu wema wasioonekana. Hao ndio wenyeji. Wanakula uchafu wa samaki kabla haujawa sumu. Samaki ni mgeni, mwanangu. Ukimwingiza kwenye nyumba isiyo na mwenyeji, atakufa kwa uchafu wake mwenyewe.

Sasa utauliza, wenyeji watakula nini wakati samaki hawajafika? Kila siku tupia chembe kidogo za chakula cha samaki, kana kwamba wamo. Usicheke. Ndivyo inavyofanywa.

Usiwe na haraka. Hili ni jambo la wiki kadhaa.

Baba yako


10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Chujio la ndoo nimelitengeneza, na nyumba nzima imeshalijua.

Niliponda mkaa wa jikoni kama ulivyosema. Hukusema niuoshe kwanza. Nilimwaga maji juu, nikakinga kikombe chini kwa fahari, nikamwita mama aje aonje kwa macho. Kikajaa kitu cheusi kama kahawa. Mama akakitazama, akanitazama, akasema, "Hongera. Umesafisha mpaka umetengeneza wino." Kisha akacheka, Baba. Alicheka hadi akaketi juu ya marobota ya vitambaa. Natamani ungekuwepo usikie, maana sijui ni lini tena.

Sasa nimeuosha na maji yanatoka vizuri. Mama amening'iniza utepe wake wa kupimia nyuma ya tangi ili tuwe na kipimo. Siku ya kwanza kupitia kwenye maji nilisoma namba kubwa mbili tu. Leo nasoma nyingi, ila zile ndogo bado zina ukungu.

Pampu inafanya kazi. Chakula natupia kila asubuhi kabla ya shule. Mama wa jirani, yule anayeuza mitumba, aliingia kuazima pasi akanikuta.

"Unalisha nini?"

"Samaki, mama."

Akainama, akatafuta kila kona, akaangalia hata chini ya meza. "Wako wapi?"

"Bado hawajaja."

"Kumbe! Sisi wengine tunafuga kuku, mwenzetu unafuga maji."

Mwanawe yuko darasani kwetu. Kesho yake nilipoingia darasani nilikuta jina langu jipya limeshafika: Mfuga Maji. Wananiuliza kama yametaga. Mimi nimewajibu kwamba yanataga Aprili, baba yangu akija.

Utakuja tarehe gani hasa?

Mwanao


28 Machi

Profesa,

Hiyo ya wino imenifanya nicheke peke yangu njiani, watu wakanipisha. Kosa ni langu. Fundi husahau kwamba mwenzake hajui analolijua yeye.

Mwanangu, Aprili haitawezekana. Pampu kubwa ya hapa imepasuka, na mimi ndiye ninayeijua. Usinune. Na hata ningefika na samaki ningewatia wapi? Wenyeji hawajajaa kwenye sponji bado. Endelea kuwalisha. Halafu tafuta kome au maganda ya konokono, uyachemshe, uyapange chini, yatasaidia maji yasiwe makali. Na sponji ikianza kujaa tope, isafishe.

Wape jibu hao wa darasani: maji yanayofugwa vizuri hayatagi, yanazaa.

Msalimie mama yako.

Baba yako


17 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijanuna.

Likizo imekuwa ndefu. Mama anapeleka sare za shule kwa wateja na kurudi jioni. Rafiki yangu wa dawati moja amekwenda kwa bibi yake. Mchana nakaa mezani na tangi. Pampu inanguruma polepole, na nikiwa jikoni nikasahau, nasikia kama mtu mzima amelala chumba cha pili. Mara moja nilitembea kwa kunyata nisimwamshe. Nimekuambia wewe tu hilo.

Maganda nimeyapanga. Sponji ilikuwa imejaa tope, nami nimeisafisha kama ulivyosema. Niliiloweka kwenye sabuni ya unga, nikaifikicha, nikaisuuza bombani mara nyingi, nikaianika. Ilitoka nyeupe kama kola ya Jumatatu. Mama akasema sijawahi kufua nguo zangu namna hiyo.

Lakini nilipoirudisha, maji yamekuwa kama yametiwa maziwa. Utepe umepotea kabisa. Nimekosea wapi?

Mwanao


3 Mei

Profesa wangu,

Sabuni! Mwanangu, sabuni! Umewafulia wenyeji wote wakaenda na povu. Sponji husafishwa kwa kukamuliwa ndani ya maji yaleyale ya tangi, yaliyotekwa kwenye beseni. Bomba lina dawa, sabuni ni sumu. Mimi niliandika "isafishe" nikaacha hapo, nawe kwako kusafisha ni kufua.

Usilie lakini. Hapa kwetu tuliua samaki wawili kwa kosa hilohilo. Ilikuwa kilio nyumba nzima, ikabidi tuwazike chini ya dirisha, na maua juu. Wewe umebahatika, hukuwa na wa kuzika.

Anza upya. Dereva wa lori ataleta sponji nyingine. Maji ya huko kwenu ni magumu kuliko haya, kwa hiyo itachukua muda zaidi. Yakitulia, tafuta mmea wa majini, uupande, usubiri mpaka utoe jani jipya. Jani likitoka ndipo tuzungumze habari za samaki.

Baba yako


20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sponji mpya imefika, nami nimeanza upya. Siku hizi naikamua kwenye beseni ndani ya maji yake, taratibu, kama unavyomkamua mtoto nguo akiwa bado amevaa. Mmea nimepewa na mwalimu wa sayansi kutoka kwenye chupa ya maabara.

Nina swali ambalo si la maji.

Wiki hii tumejifunza maneno ya kuonyesha umiliki. Mwalimu wetu wa Kiswahili ni mkali sana kwa maneno madogo. Anasema mtu akitaka kuficha kitu huchunga maneno makubwa, madogo yanamponyoka. Alitupa kazi ya kutafuta mifano kwenye maandishi yoyote yaliyopo nyumbani. Nyumbani kuna kalenda na barua zako.

Katika barua ya Februari uliandika "hapo." Katika ile ya Machi uliandika "pampu kubwa ya hapa." Katika hii ya Mei umeandika "hapa kwetu." Halafu chini kidogo umeandika "huko kwenu." Nilidhani kwetu ni huku, Baba. Mimi nikisema "kwetu" nakutia na wewe humo.

Na umeandika "tuliua," na "tuwazike." Wewe na nani? Nani alilia nyumba nzima?

Kazi ya mwalimu nilitumia mifano ya kalenda.

Mwanao


1 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Lori limepita mara mbili, na dereva kila mara ameniambia hana kitu, mara ya pili akiangalia tairi.

Nilimuuliza mama. Alikuwa anashona. Nilisema, "Mama, Baba ana kwake kwingine?" Mguu ukasimama juu ya kanyagio.

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe. Kwa 'tu.'"

"Tu nini?"

"Tu ya 'tuliua.'"

Alikata uzi. Akasema, "Mimi nilimwambia akuambie kwa mdomo wake. Sitamsemea. Nimemshonea mengi, hilo sitamshonea." Kisha akaanza kushona tena, na mstari ukaenda kombo, akaufumua.

Sikuandikii kwa hasira. Nakuandikia kwa sababu maji bado ni mabaya. Ukungu haujaondoka hata kidogo, kwenye utepe sioni namba hata moja, na mmea umesinyaa. Labda kuna hatua nyingine ambayo hujaniambia. Hata kama hutaki kujibu lile swali la Mei, nijibu hili la maji.

Mwanao


16 Julai

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara naanza na habari za sponji.

Ulisoma sawasawa. Niko na mama mwingine huku, na mtoto wa kike mdogo ambaye bado hawezi kufunga kamba za viatu. Ndiye aliyelia. Tangi lake nililitengeneza kabla ya lako, kwa ndoo na mkaa vilevile. Mengi niliyokuandikia nilikuwa nimetoka kuyafanya jioni ileile, yeye akishika beseni.

Mama yako anajua tangu mwaka jana. Aliniambia ukweli nikuambie mimi. Mimi fundi wa kuzuia maji yasivuje nikashindwa kufungua mdomo.

Pampu kubwa haikupasuka Aprili. Ilichoka tu, tukaibadilisha mpira. Na zile hatua, maganda, mmea, jani jipya, si uongo, zinasaidia, lakini samaki wangeishi bila hizo. Nilijua maji yakiwa tayari utaniuliza nakuja lini. Nikaona afadhali maji yasiwe tayari.

Kuhusu huo ukungu, sielewi. Kwa sponji mpya na ulivyo mwangalifu, maji yangekuwa yameshatulia. Chukua kidogo kwenye chupa, umpelekee mtu yeyote anayeuza samaki wa mapambo, akupimie. Zaidi ya hapo sina hatua nyingine, Profesa. Zimeniishia.

Sijui kama bado niandike "baba yako."

Baba yako


8 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Andika tu. Hilo neno "yako" sina shida nalo.

Barua yako nilikaa nayo ndani ya daftari la jiografia siku kadhaa. Sikulia shuleni. Nililia kwenye beseni, wakati wa kukamua sponji, ambapo maji hayajui tofauti. Halafu nikawaza kama machozi yana chumvi ya kuwadhuru wenyeji, nikaacha.

Mimi pia sikusema kweli. Nilipokuandikia Julai kwamba sioni namba hata moja, nilikuwa nimeketi mbele ya tangi nikizisoma zote, hata vile vistari vidogo katikati. Mmea ulikuwa umetoa jani, na jani limetoa jingine. Kwa muuza samaki nilikuwa nimeshakwenda tangu Juni, na chupa yangu chini ya kwapa. Alichovya karatasi yake ya kupimia, akaitazama, akanitazama.

"Samaki wako wanaumwa?"

"Sina samaki."

"Wamekufa?"

"Hapana. Sijawahi kuwa nao. Nina maji tu."

Akamwita mkewe kutoka nyuma. "Njoo uone! Kila siku naletewa maiti kwenye mfuko wa plastiki, leo nimeletewa maji mazima yasiyo na mgonjwa!" Kisha akaniambia taratibu, "Binti, haya maji yako tayari siku nyingi. Unasubiri nini?"

Nikasema nasubiri barua.

Ndiyo hivyo, Baba. Wewe ulikuwa unaniongezea hatua, na mimi nilikuwa naombea zisiishe, maana nilidhani zikiisha na barua nazo basi. Tumekaa pande mbili za tangi moja, kila mmoja anayachafua maji kwa mdomo tu.

Jumamosi nilimwambia mama kwamba nakwenda kuchukua samaki. Nilitegemea aseme subiri. Akachukua mkoba, akasema, "Twende. Nimechoka kukatia sakafuni kwa ajili ya kitu ambacho hakipo." Tumechukua wawili, wadogo, rangi ya kutu. Mfuko tuliuacha uelee tangini kwanza ili wazoee joto la maji, kama muuza samaki alivyotuelekeza. Tulikaa mimi na mama tumeegemeza viwiko mezani. Nilipoufungua, mmoja alitoka mara moja. Wa pili alibaki ndani ya mfuko, mdomo ukielekea nje, anaangalia. Mama akamwambia, "Pita, pita, ni kwako." Akapita.

Sasa asubuhi nikitupia chakula kuna wanaokuja. Mkono ulishtuka siku ya kwanza. Darasani bado naitwa Mfuga Maji, na mama wa jirani amelalamika kwamba nimemharibia kichekesho.

Nilimuuliza mwalimu wa Kiswahili swali la mwisho. Nilimuuliza neno "kwetu" linahesabu watu wangapi. Alifikiri, akasema halihesabu. Linaweza kuwa la wawili au la kumi, na mtu akiwa mbali halimwondoi mpaka aliyeko ndani aamue kumwondoa. Mimi sijaamua. Mama hajasema, nami sitamsemea.

Huyo mdogo mwambie dada yake amesema asiikamue sponji kwa nguvu. Na kamba za viatu, mfundishe ile ya masikio mawili ya sungura, uliyonifundisha mimi kwenye ngazi. Ni rahisi kuliko nyingine.

Likizo ya Desemba nitakuwa nyumbani. Ukija, usilete samaki. Ile ahadi nimeifuta, maji yameshapata watu. Njoo hivyohivyo, mikono mitupu. Mlango unaujua.

Mwanao